Ua Uliopinda kwenye Shamba la Rukia

Yussuf, anayeshika kazi baada yangu, aliniomba niandike kurasa chache kabla sijarudisha ufunguo wa ghala. Alisema vijana mliobaki na nyundo mtafaidika. Nadhani alitarajia niandike jinsi ya kuchagua nguzo. Nguzo nitazigusa. Lakini nimesikia pia kwamba mwezi ujao mtakwenda kwenye shamba la Rukia, kando ya mto, kung'oa ua wangu wa zamani na kuweka mpya, na kwamba mmeamua kuinyoosha ile kona. Yussuf alinionyesha picha ya shamba hilo kwenye simu, iliyopigwa kutoka angani. Pande tatu za shamba zimenyooka kama mistari ya daftari. Upande wa nne unakwenda vizuri hadi karibu na mto, kisha unaingia ndani kama tumbo la mtu aliyeambiwa avute pumzi.

"Mzee Bashir," alisema, "mtu akiona hii atasema fundi alikuwa amelewa."

Sikuwa nimelewa. Ilikuwa Ramadhani.

Basi naandika kuhusu kona hiyo, ili msiiguse. Mengine mtayapata njiani.

Kuhusu vyeo, nilianza nikiwa fundi wa ua na nimestaafu nikiwa fundi wa ua. Katikati hapo niliitwa msimamizi kwa miaka kadhaa. Tofauti niliyoiona ni kwamba nilichimba mashimo yale yale nikiwa nimevaa shati lenye kola.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoanza. Baba yangu, Abdi, alikuwa mfugaji wa ngamia upande wa Fafi, na nilipomwambia nimepata kazi Garissa aliniuliza ni kazi gani. Nikamwambia kujenga nyua.

"Za miiba?"

"Za waya."

Alifikiri kidogo. "Na wenyewe wakihama, wanaubeba?"

"Haubebwi, aabo. Unakaa pale pale."

"Basi hao ni watu waliochoka," alisema, akarudi kukamua.

Fundi aliyenipokea alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba kutoka Mwingi. Alikuja Garissa na lori la nguzo, akapanga kukaa wiki mbili. Nilipomkuta alikuwa ameshakaa miaka kumi na tano na bado alikuwa akiwaambia watu kwamba anarudi Mwingi wiki ijayo. Mimi Kikamba sikukijua, yeye Kisomali alikijua cha kununulia maziwa tu, kwa hiyo maisha yetu yote pamoja tuliishi kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja upande wake.

Siku ya kwanza sikupewa nyundo. Nilipewa mtaimbo, kile chuma kirefu cha kuchimbia, nikaonyeshwa mahali. Udongo wetu mnaujua: juu mchanga laini wa kukudanganya, chini yake ardhi ngumu kama sahani, na ukishaipasua sahani unakutana na udongo mweusi unaoshika chuma kama mtu asiyetaka mgeni aondoke. Nilichimba tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Nikamwita Mzee Kilonzo kwa fahari. Alipiga goti, akaingiza mkono shimoni, akaangalia mahali bega lilipofika.

"Kwapa halijaingia," alisema.

Hicho kilikuwa kipimo chake. Nguzo ya kona, shimo lifike kwapani. Nguzo za katikati, lipite kiwiko kwa shibiri moja. Mwaka wangu wa pili tulinunuliwa futi ya chuma, ikavunjika mwaka huo huo. Mkono wangu ninao hadi leo.

Jioni nilisimamisha nguzo yangu ya kwanza, nikarudisha udongo wote kwa mara moja na kuukanyaga juu juu. Mzee Kilonzo aliisukuma kwa kidole kimoja. Ikalala polepole, kwa heshima.

"Mwache apumzike," alisema. "Ametoka safari ndefu."

Udongo unarudishwa kidogo kidogo, mnajua, na kila tabaka linashindiliwa kwa kichwa cha mtaimbo hadi litoe sauti ya mlango uliofungwa. Mkisikia sauti ya godoro, endeleeni. Chini ya nguzo pakaeni oili chafu, la sivyo mchwa watakuwa wanakula kabla nyinyi hamjala. Msumari wa U usiupige hadi mwisho. Iacheni waya ipumue, iweze kuteleza mchana inaporefuka kwa jua na alfajiri inapojikunja. Kamba ya kunyooshea mstari iwe ya katani, kwa sababu ya nailoni hulegea kwenye joto na itawadanganya bila kuona haya. Na kila mtu atawaambia kwamba nguzo za mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa kila mahali, ni ngumu na ni za bure. Yote mawili ni kweli. Sijawahi kuona mathenge iliyonyooka.

Mzee Kilonzo alikuwa na plaisi moja, koleo la waya, yenye mikono iliyofungwa mpira wa tairi la baiskeli. Alivutia kwayo, alikatia, aligongea, na nilimwona mara moja akiitumia kukoroga chai. Plaisi hiyo ninayo. Nitaeleza mwishoni ni ya nani.

Miaka ya mwanzo tulitembea sana. Bura tulizungushia bustani ya zahanati, na mbuzi walikuja kila siku kukagua kazi. Banissa ndiko nilikojifunza jambo la maana, ingawa sikujua nimejifunza. Tulikwenda kuzungushia shule. Mchoro ulikuwa umetoka mbali, na kwenye mchoro lango liliangalia barabara. Tukaliweka hapo, lango zuri la chuma, rangi ya buluu. Kumbe watoto wote walitokea upande wa pili, upande wa visima. Siku ya kufungua, kabla ya saa sita, kulikuwa na shimo chini ya waya nyuma ya madarasa. Wiki ya tatu nilimwona mwalimu mkuu akipita kwenye shimo hilo huku ameshika faili. Tuliporudi huko baada ya miaka mingi, lango lilikuwa bado jipya kabisa.

Siku ile Mzee Kilonzo alikaa chini akaliangalia lile shimo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kuanzia leo, kabla ya kupiga kamba, tunakaa nusu siku tunaangalia nyayo." Ikawa sheria. Popote tulipofika, alitandika gunia na kukaa. Wenye mashamba walidhani ni mvivu. Aliona walikopita watu, walikopita mbuzi, ngiri alikojikuna, na baada ya hapo ndipo aliponiambia pa kuanzia.

Hadado nilijifunza nusu ya pili. Tulizungushia silanga, lile bwawa la kuchimba la kukusanyia maji ya mvua, ili mifugo isiingie ndani. Asubuhi ya kwanza ndama wa ngamia alikimbia moja kwa moja hadi kwenye waya. Hakuwa mjinga. Ngamia anauona ua wa miiba tangu mbali kwa sababu una umbo, ni kama ukuta mchafu. Waya mpya kwake ni hewa. Mwenye ndama alikuja, akaangalia kifua cha mnyama, akatuangalia sisi, akaenda nyumbani akarudi na baati kuukuu ya mkewe, lile gauni pana la nyumbani. Akaichana vipande, akafunga kila hatua mbili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikibeba vitambaa kwenye mfuko wa vifaa. Mkifika kwa Rukia mtaviona vingi, vimepauka. Si takataka.

Sasa nifike huko.

Ulikuwa mwaka wangu wa kumi na mbili kazini. Rukia alikuwa mwanamke wa makamo, na mimi nilimwita eedo, shangazi, kama tunavyowaita wanawake wa umri wake. Alikuwa amewahi kuwa na ngamia wake mwenyewe, wengi, hadi ukame ulipowachukua mmoja mmoja. Alihamia kando ya mto na binti zake wawili, akapanda vitunguu, mipapai na matikiti maji. Kila msimu alikata miiba na kuzungushia shamba, na kila msimu miiba ilikauka na kufunguka mahali. Mwaka uliotangulia alijilaza kidogo baada ya swala ya adhuhuri, akaamka hana shamba. Mbuzi walikuwa wamemaliza na kuondoka. Akasema atajaribu mara moja tu tena. Matikiti yakiliwa tena, atarudi mjini kukaa kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yake, na kwa mwanamke aliyekuwa na ngamia wake mwenyewe, hicho si chumba, ni hukumu.

Tulifika Ramadhani, wakati wa kiangazi, matikiti yakiwa yamebakiza siku kumi kuiva. Mimi nilikuwa nimefunga. Mzee Kilonzo, ambaye alikuwa Mkristo, alikuwa akienda nyuma ya lori kunywa maji, halafu anarudi akiwa amekunja uso ili nisimwonee wivu. Ndevu zake zilikuwa zinadondoka matone.

Asubuhi ya kwanza aliniachia kazi, akaenda kufuatilia nguzo zilizokwama njiani. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Kaa kwanza."

Sikukaa. Hili nataka mlisome vizuri. Nilijiambia kwamba kukaa ni kwa watu wa Mwingi. Mimi ni mtoto wa wafugaji, nyayo nazijua nikiwa nimesimama. Jua lilikuwa kali, na kazi ya mfungaji hufanywa mapema. Nilitafuta alama za mpaka za mpima ardhi, vile vijiwe vya zege, nikavipata vyote vinne. Nikafunga kamba kutoka kijiwe hadi kijiwe.

Upande wa mto, ua wa zamani wa miiba haukufuata kamba yangu. Ulipokaribia kona uliingia ndani kwa mzunguko mpana, ukaacha nje kipande cha shamba cha hatua kumi na mbili.

"Eedo," nilimwita Rukia, "ua huu nani aliujenga?"

Alikuwa ameinama kwenye pampu, mikono imejaa grisi. "Mimi."

"Umepinda."

"Na mgongo wangu umepinda. Ulikata miiba na wewe?"

Nikacheka. Nikaamua kwamba ni kupinda kwa mtu aliyechoka. Nikautoa ule wa miiba, nikachimba shimo la kona penye kijiwe, hadi kwapani, nikasimamisha nguzo nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Mzee Kilonzo aliporudi aliangalia mstari, akafumba jicho moja. Ulikuwa umenyooka kiasi cha kuumiza.

"Ulikaa?"

"Nilikaa," nilisema.

Nilikuwa nimefunga, na nikasema hivyo.

Siku ya tano, alasiri, ua ulikuwa umekamilika. Nyuzi tano za seng'enge, zimekazwa hadi ukizigonga zinaimba. Nilikuwa nakusanya vifaa nikasikia kengele ya mbao. Mnaijua sauti hiyo, haina haraka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua iko wazi.

Kengele hiyo niliijua. Alikuwa ngamia anayeitwa Barni. Nilikuwepo alipozaliwa, nikiwa mtoto wa miaka tisa, nikashika taa. Sasa alikuwa mzee, sikio moja limechanika, na ndiye aliyekuwa akiongoza kundi la amu yangu Dubow. Nyuma yake waliteremka ngamia kama arobaini kutoka upande wa Fafi, kwenye vumbi. Siku nyingi hawakuwa wameona maji. Hilo hukuhitaji kuwa mfugaji kulijua. Walikuwa wanatembea kama watu waliobeba kitu kisichostahili kumwagika.

Barni aliteremka kwenye njia yake hadi kwenye nguzo yangu ya kona. Akasimama.

Hapo ndipo nilipoiona njia. Ilikuwa pana, imekanyagwa na kulainishwa na miguu ya miaka ambayo hakuna mtu aliyeihesabu, na ilikuwa inapita kwenye zile hatua kumi na mbili. Upande wake mmoja sasa kulikuwa na waya yangu. Upande wa pili kulikuwa na korongo, kingo zake zikimomonyoka. Katikati nilikuwa nimeacha nafasi ya kupita mtu mmoja akiwa ameshikilia kofia yake. Miiba ya Rukia haikuwa imepinda kwa uchovu. Ilikuwa inampisha Barni.

Dubow alikuja mbele na fimbo yake mabegani. Kwetu jina la udugu huenda na kurudi: mimi namwita adeer, yaani amu, na yeye ananiita adeer vilevile.

"Adeer," alisema, "hii ni nini?"

"Ni ua, adeer."

"Naona ni ua. Nauliza ni nini."

Nikapangusa plaisi.

Akamgeukia Mzee Kilonzo, kwa kile Kiswahili chake ambacho hakikuwa na p. "Mzee Kilonzo, bole na kazi. Wewe hii ngamia hujui, mimi nasamehe wewe. Lakini huyu?" Akaninyooshea fimbo. "Huyu ilikunywa maziwa ya mama yake Barni! Huyu nilimbeba njia hii hii, amelala, amenikojolea mgongo!"

Binti mmoja wa Rukia akacheka, akaziba mdomo. Mzee Kilonzo hakucheka. Aliniangalia tu, na nikajua kwamba amejua kuhusu gunia nisilolitandika.

Walio nyuma walikuwa wamesikia harufu ya mto. Wakaanza kusukuma. Barni aliweka shingo juu ya waya ya juu, na miiba ya chuma ikaingia. Damu ilitoka kidogo, nyembamba. Hakulia wala hakurudi nyuma. Alisimama pale akiangalia maji, ambayo yalikuwa hatua hamsini mbele yake, kama mtu aliyefika ofisini akaambiwa aje kesho. Wakiendelea kusukuma, angepasuliwa na seng'enge, wenzake wangepita juu yake, na arobaini wangeingia kwenye matikiti ya Rukia kutokea kila upande. Nikikata waya, wangeingia kwa ustaarabu zaidi, lakini wangeingia.

Rukia alikuja na panga mkononi. Akasimama kati yangu na nguzo.

"Bashir. Ukikata waya hiyo, mimi nimekwisha."

"Najua, eedo."

"Siku tano zimebaki nivune. Siku tano!"

"Rukia," Dubow alisema, "wewe ulipita hapa na wako. Nilikuwa nakuona."

"Wangu wamekufa, Dubow."

"Hawa bado."

Zile nyuzi tano zilikuwa zinalia kwa uzito wa kifua cha Barni. Mimi nilikuwa sijanywa maji tangu kabla ya alfajiri, na ulimi wangu ulikuwa umekaa mdomoni kama kipande cha ngozi. Nataka mnielewe: sikuwa mtu mwema kuliko wengine siku hiyo. Nilikuwa tu na kiu, na nilikuwa naangalia mto huo huo.

Rukia aliangalia waya. Akamwangalia Barni, shingo, sikio lililochanika, damu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia, kwa sauti ya chini.

"Nilikuona siku ile unachimba hapa. Nikajua. Nikanyamaza. Nilizitaka zile hatua kumi na mbili."

Halafu akageuka, na sauti yake ikarudi kuwa ya mwanamke aliyewahi kuamrisha ngamia. "Binti zangu, leteni yale matawi ya miiba! Yote! Mzee Kilonzo, wewe simama pale kwenye kitunguu, tandaza mikono, uwe mti. Dubow, tikiti likikanyagwa utalila wewe, na ganda lake."

"Haye, sawa," Dubow alisema.

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Kata," Rukia akaniambia.

Nimewafundisha wote kwamba waya iliyokazwa ikikatwa huruka kama nyoka, na kwamba msimame nyuma ya nguzo. Uzi wa kwanza nilisimama nyuma ya nguzo. Uzi wa pili nilisahau. Kovu lililo kwenye mkono wangu wa kushoto, ambalo Mwende, mwenzenu, anapenda kuuliza habari zake, si la fisi kama nilivyomwambia.

Uzi wa tano ulipokatika, Dubow alikuwa ameshamrudisha Barni hatua mbili kwa ulimi tu, kwa ile sauti wanayotoa. Sisi tulikuwa tumejipanga mahali palipokuwa na ua wa zamani: Rukia, binti zake wawili, Mzee Kilonzo, na mimi, kila mmoja na tawi la miiba au shuka, tumepinda kama ule ua ulivyokuwa umepinda. Mzee Kilonzo alisimama kwenye vitunguu na kutandaza mikono, na usoni alikuwa na sura ya mtu ambaye wiki ijayo hakika anarudi Mwingi.

Barni alituangalia. Alichokiona sasa kilikuwa na umbo. Akafuata mzunguko, akapita, na wote wakapita nyuma yake, mmoja mmoja, wakitupumulia usoni. Wawili tu walitoka mstarini. Waliondoka na safu mbili za matikiti, lakini hawakuenda mbali, kwa sababu binti mkubwa wa Rukia aliwatolea maneno ambayo kwa mfungaji si mazuri.

Walikunywa kwa muda mrefu. Niliangalia koo la Barni likipanda na kushuka. Magharibi ilikuwa imebakiza karibu saa moja na nusu. Sitaeleza zaidi.

Tulifuturu pale pale kwa matikiti yaliyokanyagwa. Dubow alikula matatu, na ganda la moja, kwa sababu alikuwa ameapa. Mzee Kilonzo alisubiri adhana pamoja nasi ingawa hakuhitaji, na alipopewa kipande alikishika mpaka nilipouma changu.

Asubuhi hakunigombeza. Alitandika gunia akakaa nusu siku. Aliponyanyuka alisema, "Sasa pindisha."

Sasa sikilizeni, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kazi. Kupinda ni kugumu kuliko kunyoosha. Waya inapenda njia fupi. Ukiipindisha, mchana na usiku inavuta nguzo ili irudi kwenye mstari. Ule mzunguko una nguzo saba, siyo mbili, na zote saba zimechimbwa hadi kwapani. Zimeegemea ndani, upande wa shamba, kwa upana wa vidole vitatu. Na waya imepigwa upande wa shamba, siyo upande wa njia kama kwingine, ili inapovuta iikumbatie nguzo badala ya kung'oa misumari. Ilituchukua siku tatu. Mzee Kilonzo, ambaye alichukia vitu vilivyopinda kuliko mchwa, alichimba manne kati ya yale saba mwenyewe. Rukia alichana baati zake mbili, akafunga vitambaa kila hatua mbili. Lile shimo langu la kwanza, la kona iliyonyooka, tulilifukia haraka haraka tukaondoka.

Rukia alivuna. Msimu uliofuata akavuna tena, na kile chumba cha nyuma mjini kaka yake alikigeuza banda la kuku. Zile hatua kumi na mbili bado ni zake kwa karatasi. Kila mwisho wa mavuno anakwenda kwenye mzunguko na kurusha nje matikiti yaliyopasuka, na hataki kuulizwa kwa nini. Dubow amefariki, Barni amekufa, Mzee Kilonzo hatimaye alirudi Mwingi, akakaa huko miezi saba, akazikwa. Mimi mjini nilipewa jina la utani, Qalooc, yaani iliyopinda. Kwetu mwenye jicho moja huitwa kwa jicho hilo, na mimi niliitwa kwa ua wangu. Nilikasirika mwaka mmoja. Baadaye nikawa naitika.

Nilipomweleza Yussuf haya yote kwa mdomo, alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi kuna visima, kuna malori ya maji. Hakuna ngamia anayepita pale. Hata kwenye picha njia haionekani." Akaikuza picha kwa vidole viwili. Ni kweli, haionekani. Hata mimi siioni siku hizi, lakini macho yangu nimeyatumia sana.

Juzi nilikwenda mwenyewe. Goti lilinichukua asubuhi nzima. Rukia sasa ni bibi, alikuwa amekaa karibu na pampu akiwagombeza wajukuu, na hakuniuliza nimefuata nini. Niliubeba mfuko wa sukari uliokuwa tupu, nikautandika nje ya mzunguko, nikakaa nusu siku. Hakuna aliyepita. Upepo ulichezea vile vitambaa. Nguzo zote saba bado zimeegemea ndani, vidole vitatu.

Nilipotaka kunyanyuka niliweka mkono chini, na mkono ukazama. Lilikuwa shimo langu, la kijiwe, la kona iliyonyooka. Shimo lililofukiwa haraka hushuka, mnajua, nilishawaambia kuhusu sauti ya godoro. Limebaki kama sufuria kubwa ardhini, na lilikuwa limejaa kinyesi cha ngamia hadi ukingoni. Cha chini kilikuwa kimekuwa vumbi. Cha juu kilikuwa kibichi.

Plaisi ya Mzee Kilonzo nimeiacha ghalani kwenye msumari wa kushoto, na ni yako, Yussuf. Kama bado unataka kunyoosha kona, shimo lipo tayari, halihitaji mtaimbo. Utaanza kwa kuzoa.